Kabla hujaiuza lenzi yako: otofokasi, buibui jeusi na mwanga wa Mombasa

Kibokoni

Salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kila nikiingia humu nakuta mtu anauza lenzi kwa sababu "haishiki fokasi", na chini yake mwengine anauliza anunue ipi badala yake. Nimeona niandike uzi mmoja mrefu, maana nyingi ya lenzi hizo ni nzima kabisa. Otofokasi, yaani kamera kushika fokasi yenyewe, imeelekezwa pahali pasipo na kitu cha kushika, na hapa kwetu pahali pa namna hiyo ni pengi mno.

Mimi napiga kwa mapenzi tu, silipwi. Nazunguka Mji wa Kale, Mama Ngina, na ufuo wa Pirates maji yakipwa. Kamera ni Canon 1300D, lenzi tatu: 18-55 iliyokuja na kamera, 50mm f/1.8 STM, na 55-250 STM. Hakuna hata moja ya bei kubwa, na ndiyo sababu naandika, kwa kuwa wengi wetu humu tuna vifaa vya kiwango hiki.

Tuanze na ndani ya kamera, bila hapo mengine yote ni kubahatisha. Kwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani kama yangu, kuna kioo kikubwa kinachorusha mwanga juu hadi kwenye tundu la kuchungulia. Nyuma yake kuna kioo kingine kidogo kinachopeleka sehemu ya mwanga huo chini, kwenye sensa ya fokasi. Sensa hiyo inapokea taswira mbili za kitu kimoja, kila moja kutoka upande wake wa lenzi, kisha inazilinganisha. Zikiwa hazijalingana, inajua hapo hapo lenzi izunguke upande gani na kwa kiasi gani. Ndiyo maana inashika kwa haraka vile. Lakini ili ilinganishe, lazima pawe na mpaka: weusi unapokutana na weupe, herufi, mshono, ukingo wa mlango. Pasipo na mpaka haina cha kulinganisha, na hapo ndipo unapoisikia lenzi ikienda mbele na kurudi nyuma bila kutulia.

Sasa toka nje uitazame Mombasa. Buibui kivulini ni weusi mtupu. Kanzu mbele ya ukuta wa chokaa saa saba mchana ni weupe juu ya weupe. Simama Ijumaa karibu na Msikiti wa Mandhry, ule unaosemwa ulijengwa mwaka 1570, watu wakitoka kuswali: lenzi itahangaika mbele ya watu waliosimama juani waziwazi. Mwanga upo tele, mpaka ndio haupo. Jambo hili watu hawaliamini hadi walijaribu wenyewe, kwa sababu tumezoea kudhani fokasi hukosekana gizani tu.

Shangazi yangu ndiye aliyenionyesha dawa, ingawa yeye alikuwa amejikalia zake barazani. Buibui jeusi, leso ameitupa begani. Nukta ya fokasi ilipokuwa kifuani kwake lenzi ilikwenda na kurudi. Nikaisogeza hadi kwenye jina la leso, zile herufi nene nyeusi juu ya rangi ya chungwa, ikashika papo hapo na kulia pii. Leso ni neema kwa otofokasi. Pindo lina mistari, mji, yaani katikati yake, una maua na maembe, jina lina herufi. Popote utakapogusa pana mpaka.

Ila leso iko begani na jicho liko usoni, na hapo 50mm inataka uangalifu. Kwenye kamera kama yangu, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu na lenzi ikiwa wazi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi iko wazi zaidi), sehemu iliyo kali ina kina cha sentimita 6 hivi kwa jumla, mbele na nyuma ya pale uliposhika. Leso begani ikiwa kali, kope za mtu zinaweza kuwa zimeshaanza kufifia. Funga hadi f/4 na unapata karibu sentimita 14, bega na jicho vyote vinaingia. Mimi picha za watu mchana sizipigi chini ya f/2.8, na mara nyingi niko f/4. Najua wengi wananunua 50mm kwa ajili ya ile nyuma iliyolainika, lakini barazani kwenye kichochoro chembamba, f/4 bado inakupa mlango uliofifia vizuri nyuma ya mtu.

Na jambo moja linaloulizwa sana: kuweka f/8 hakuifanyi otofokasi ya DSLR ione giza. Lenzi hukaa wazi kabisa wakati wa kushika fokasi, hujifunga tu pale unapobonyeza kupiga. Kwa hiyo msiogope kufunga.

Kibokoni

Naendelea, niliishiwa na nafasi.

Nukta zote hazilingani. 1300D ina nukta tisa, na ya katikati pekee ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya ulalo kwa pamoja. Zile nane za pembeni kila moja inasoma mistari ya mwelekeo mmoja tu. Ukiwa Mama Ngina unapiga upeo wa bahari, huo ni mstari mmoja mrefu wa ulalo, na nukta inayosoma wima haitauona hata kidogo. Utasema lenzi imekufa. Ilaze kamera kidogo upande, ishike, nusu-bonyezo usiachie, kisha inyooshe na upige. Au tumia nukta ya katikati. Jahazi likiwa bandarini pale Mji wa Kale mambo ni mepesi zaidi: mlingoti ni wima, foromali imelala kwa mshazari, kamba zimejaa. Nukta yoyote itapata kitu.

Usiiachie kamera ichague nukta yenyewe. Ikichagua, mara nyingi itashika kilicho karibu zaidi na chenye mpaka mkali, na katika vichochoro vyetu hicho huwa ni mkokoteni, waya wa stima au kichwa cha mpita njia. Milango ya kuchongwa ndiyo mfano ninaoupenda: umemsimamisha mtu kizingitini, na nakshi za fremu zilizo mbele yake zinaiita fokasi kwa nguvu kuliko uso wake. Chagua nukta moja, iweke penye jicho, na hasa kwenye kope au nyusi.

Kivukoni Likoni kamera ikae begini. Askari hawataki, na hakuna picha inayostahili mgogoro ule.

Tudor_Creek

Shukran sana shekhe. Swali langu. Nina Nikon D3400. Nimenunua 50mm f/1.8D ya mkono wa pili, muuzaji akaniapia ni nzima. Nikiifunga kwenye kamera haisogei kabisa, hata mlio hakuna. Mara ya kwanza kamera iliniandikia fEE. Nimeibiwa?

Kibokoni

Hujaibiwa kaka, ila muuzaji alipaswa kukuuliza una kamera gani. Lenzi hiyo ya D haina mota ndani. Inategemea mota iliyo ndani ya kamera, ambayo inaizungusha kupitia kijiti kidogo kwenye mdomo wa kamera. Tazama pete ya chuma ya D3400 kisha ya D7000 au D7200: ile ya D7000 ina ncha ndogo kama ya bisibisi, yako haina. Nikon walianza kuiondoa mota hiyo kwenye kamera zao ndogo na D40 mwaka 2006, na familia za D3000 na D5000 zote ni hivyo.

Ile fEE ni pete ya apacha, yaani ya kufungua na kufunga uwazi wa lenzi. Izungushe hadi f/22 na uifunge kwa kitufe chake, ujumbe utaondoka, na vipimo vya mwanga vitafanya kazi kama kawaida.

Ukitaka otofokasi, tafuta AF-S 50mm f/1.8G, hiyo ina mota yake. Canon hawana shida hii kwa lenzi za EF kwa sababu tangu 1987 mota imo ndani ya lenzi. Lakini kabla hujaiuza hiyo D, jaribu kushika fokasi kwa mkono huku ukiangalia kitone cha kijani chini kushoto ndani ya tundu la kuchungulia. Sensa ya fokasi bado inafanya kazi hata kama mota haipo. Kitone kikitulia, umeshika. Kwa mtu aliyekaa barazani, hiyo ni zaidi ya kutosha.

Tudor_Creek

Wallahi kitone kimewaka na picha imetoka safi! Nimempiga mwanangu dirishani hivi sasa. Basi siiuzi.

MpambajiPicha

Mimi ni mpiga picha wa kike, napiga kupamba na harusi za wanawake. Kaka Kibokoni umesema ya mchana, niruhusu niseme ya usiku ukumbini.

Kule mambo ni magumu kweli. Taa za zambarau na buluu zinabadilika kila sekunde, bi harusi anaingia taratibu, na simu za wageni zimekusanywa mlangoni, kwa hiyo picha ni zangu peke yangu. Nikizikosa, familia haina nyengine. Naanza na flashi ya juu ya kamera, ile yenye taa nyekundu inayotupa mistari juu ya mtu kabla ya kupiga. Hiyo mistari ndiyo mpaka wenyewe aliousema kaka: pale pasipo na cha kushika, flashi inakichora. Lakini kumbukeni hufanya kazi kamera ikiwa kwenye One Shot, ile ya kushika mara moja na kutulia. Ukiiweka AI Servo, ile ya kufuata kitu kinachosogea, taa haiwaki, na wengi wanadhani flashi imeharibika.

La pili ni hina. Bi harusi akiinua mikono karibu na uso, ile nakshi nyeusi na nyekundu juu ya ngozi inashikika hata kwenye mwanga hafifu. Mikono na uso vikiwa umbali mmoja, nashika hina, kisha nampiga. Dhahabu zinazometa naziepuka. Mng'ao wake unahamahama kila akipumua, na nimeona fokasi ikiyumba nao.

Mnisamehe, picha sipandishi hata moja. Ni amana za watu.

Kibokoni

Dada, hili la hina limenifurahisha sana, sikuwahi kulifikiria. Na umefanya vizuri kusema kuhusu One Shot. Kwa wenye kamera kama yangu bila flashi ya nje: ile flashi ndogo ya kamera ikiinuliwa, yenyewe humulika kwa vimweko vya haraka ili kusaidia fokasi. Inasaidia, ila inawashtua watu, na mtu aliyeshtuka picha yake huonekana.

Mtwapa_Boy

Bro, si mnunue kamera zisizo na kioo mumalize habari? Jicho linashikwa lenyewe. Hizi hadithi za nukta na pindo la leso ni za zamani.

Kibokoni

Una haki kwa sehemu kubwa, na sitaki mtu adhani nazipinga. Kwenye kamera isiyo na kioo fokasi inasomwa kwenye sensa ile ile inayopiga picha, kwa hiyo mkengeuko wa kioo na sensa ya chini, yaani vikikosa kulingana na sensa ya picha hadi fokasi inaangukia mbele au nyuma kidogo, haupo. Kutambua jicho ni jambo kubwa kweli kwa anayepiga watu. Mwenye lenzi za EF akihamia EOS R, zile Canon zisizo na kioo, adapta ya Canon inazibeba na otofokasi inafanya kazi. Wenye Nikon wawe waangalifu: adapta ya FTZ, ya kufunga lenzi za DSLR kwenye Nikon zisizo na kioo, haina mota ya kuzungusha lenzi za D, kwa hiyo Tudor_Creek atabaki na kitone chake tu.

Lakini buibui jeusi ni buibui jeusi. Mtu akigeuka, jicho likaondoka kwenye fremu, kamera ya bei yoyote inarudi kutafuta mpaka. Na kuna jambo ambalo hakuna kamera inayolitibu: kasi ndogo ya shata, yaani pazia la kamera kukaa wazi muda mrefu. Nusu ya picha ninazotumiwa kwa faragha nikiambiwa "fokasi mbaya" zimetikisika tu. Angalia hivi: kama kuna kitu chochote kilicho kali ndani ya picha, hata ukuta wa nyuma, basi fokasi ilishika pasipotakiwa. Kama hakuna chochote kilicho kali na kila taa imekuwa mkia, mkono ulitikisika au mtu alisogea. Ongeza aiso (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ili shata iende kasi, bila woga. Picha yenye chembechembe bado ni picha.

Na kama uko na Canon 70D, ile ya 2013, jaribu kupiga kwa skrini. Ndiyo kamera ya kwanza ya Canon iliyoleta Dual Pixel, inasoma fokasi kwenye sensa kuu hata ikiwa DSLR. Kwenye 1300D yangu njia ya skrini ipo lakini ni ya polepole: lenzi inapapasa hadi ipate penye mpaka mkali zaidi. Ni ya vitu vilivyotulia.

Mtwapa_Boy

Sawa, hapo kwa mkia wa taa umenigusa, picha zangu za Nyali usiku zote ziko hivyo. Na mpira wa pale Pirates mnaupigaje? Mimi nashika mchezaji, nikibonyeza ameshahama.

Kibokoni

Mpira unataka AI Servo, kwa Nikon ni AF-C. One Shot ikishika inafunga hapo hapo na haifuati tena. Servo inaendelea kuhesabu kitu kinakuja kwa kasi gani na kuisogeza lenzi mbele yake. Tumia nukta ya katikati, iweke kifuani kwa mchezaji, jezi yenye namba au mistari ni bora, na uanze kumfuata kabla hajafika unapotaka kumpiga. Shata 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Kwa jua la pale unaipata kwa urahisi.

Mimi nimehamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma, chenye alama ya nyota. Kwenye menyu ya 1300D kuna mpangilio unaobadilisha kitufe cha shata kiwe cha kupima mwanga na kupiga tu, na nyota ndiyo ishike. Kidole gumba kinashika, cha shahada kinapiga. Siku chache zinakera, baadaye hutaki kurudi. Unaposhikilia gumba kamera inafuata, ukiachia inabaki pale pale.

Na saa ina maana yake. Saa sita hadi saa nane mchana, mchanga ukishachemka, hewa ya juu yake inacheza, na ukivuta 250mm unaona mchezaji wa mbali akiyeyukayeyuka. Hapo otofokasi inasoma hewa. Hakuna lenzi ya kutatua hilo isipokuwa kumsogelea mtu, au kwenda mapema, au kungoja alasiri jua liinamie upande wa bara. Mwewe wanaozunguka soko la samaki pia wapigwe asubuhi, kwa sababu hiyo hiyo na pia kwa sababu ndipo samaki wanaposhuka. Anga tupu nyuma ya mwewe inasaidia sana, weusi wake juu ya buluu ni mpaka safi. Akipita mbele ya minazi, fokasi itamwacha na kushika makuti.

Shimanzi88

Na hii joto na unyevu wetu? Lenzi yangu imeanza kuwa na kama utando wa buibui ndani.

Kibokoni

Ndugu, hiyo ni kuvu. Inaota ndani ya vioo pale panapokuwa na giza, joto na unyevu, na begi la kamera lililofungwa kabatini kwa miezi hapa Mombasa lina vyote vitatu. Ikiwa changa fundi anaweza kuifungua na kuisafisha. Ikikaa inakula ile rangi ya kinga juu ya kioo na alama haiondoki. Itenge na lenzi zako nyengine.

Kinga ni rahisi: ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pakiti za silika (zile chembe za kunyonya unyevu) ndani, na kipimo kidogo cha unyevu. Kikizidi asilimia 60, badilisha au kausha silika. Mchele usiweke, una vumbi lake. Na lenzi isiyotumika ndiyo inayoota kuvu, itoeni nje. Ukitoka kwenye chumba cha AC, acha kamera ndani ya begi ipate joto kwanza, la sivyo kioo kinafunga ukungu na otofokasi haioni chochote.

Kusi likivuma Mama Ngina chumvi inatua kila mahali. Kamera ikiandika Err 01, tazama vile vidoti vya dhahabu nyuma ya lenzi kabla hujalia. Vipanguse kwa kitambaa kikavu laini, upande wa lenzi. Mara nyingi mazungumzo kati ya lenzi na kamera yamekatika hapo tu.

MpambajiPicha

Kaka, kabla uzi haujafika mbali. Ulisema mkengeuko wa kioo na sensa ya chini. Mimi 85mm yangu kwenye 60D naona kila mara sikio ndilo kali kuliko jicho, na nukta naweka jichoni. Napimaje nijue ni lenzi au ni mimi?

Kibokoni

Dada, bandika ukurasa wa gazeti ubaoni, uulaze kwa mshazari kiasi cha nyuzi 45 mbele ya kamera. Kamera juu ya tripodi, lenzi wazi kabisa, mwanga wa mchana. Weka alama ya kalamu kwenye mstari mmoja wa katikati na uushike kwa tundu la kuchungulia, upige. Zungusha lenzi hadi mwisho, ushike tena, upige tena, mara kadhaa. Kisha upige mstari ule ule kwa skrini. Kuza picha uangalie. Ya skrini ikiwa kali penye alama na za tundu zote zikiwa zimeshika mistari ya nyuma kwa kiasi kile kile, basi ni mkengeuko. Zikitawanyika huku na huku, si mkengeuko, ni mwanga au nukta au mkono.

MpambajiPicha

Nimefanya sasa hivi kwa Taifa Leo ya jana. Skrini imepatia. Za tundu zote zimeshika mistari miwili nyuma, sawasawa kila mara.

Kibokoni

Basi ni mkengeuko, na macho yako yalikuwa sahihi. Bahati mbaya 60D haina menyu ya kurekebisha mkengeuko. Iliyoitangulia, 50D, ilikuwa nayo, na 70D iliyofuata wakairudisha, lakini yako waliiruka. Peleka kamera na lenzi kwa fundi vyote kwa pamoja. Ukipeleka lenzi peke yake atairekebisha kwa kamera yake, na ukirudi nyumbani utakuta sikio bado kali. Mpe na zile picha za gazeti, zitamwonyesha ni kiasi gani na upande upi. Kama una harusi kabla hajamaliza, azima kamera nyengine ya Canon uijaribu na hiyo 85mm, kwa gazeti hilo hilo. Ikipatia, piga kwayo. Isipopatia, funga hadi f/4, na zile za bi harusi aliyetulia kitini zipige kwa skrini.